Kontrola ya 2011 kwenye kompyuta ya leo: taa zinawaka, hedifoni kimya

Mzee wa Sahani (Korogwe)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, na muda sina mwingi. Jumamosi ya wiki ijayo nina send-off Mombo, na mama wa binti ameshanilipa nusu.

Mimi ni DJ wa shughuli. Klabu sijui hata kunafananaje. Napiga send-off, harusi, ubarikio, kitchen party, na kwenye maulidi huniita kwa ajili ya kipaza sauti tu. Nilianza na deki mbili za kaseti na kalamu mfukoni ya kurudishia utepe. Zikaja sidii. Halafu mwaka 2011 mdogo wangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat akaniletea kontrola, Numark Mixtrack Pro, ule ubao wa sahani na vitelezi wa kuendeshea muziki ulio kwenye kompyuta, imeviringishwa ndani ya kanzu tatu isije ikavunjika kwenye ndege. Ni ile ya kwanza kabisa, si Pro II wala Pro 3, na ninayo mpaka leo. Kitelezi cha kati kilipoteza kofia yake zamani, sasa kimevaa kifuniko cha dawa ya meno. Kitufe cha kuanzishia wimbo upande wa kushoto kimefutika maandishi yote, lakini kidole kinakijua.

Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa ya Windows 7. Mwezi Aprili niliiwasha, skrini ikabaki nyeusi. Fundi akaifungua, akasema bodi imekufa. Nikachukua nyingine ya mtumba kwa shilingi 450,000: Core i5 kizazi cha 8, RAM 8, SSD 256, ndani Windows 11. Inawaka kabla sijamaliza kukaa kitini. Nikasema alhamdulillahi, shida zimekwisha. Kumbe ndiyo kwanza zinaanza.

Nikichomeka kontrola, taa zote zinawaka na kompyuta inaitikia kwa mlio. Nimepakua programu ya kupigia muziki, VirtualDJ mpya, nayo inaitambua: nikizungusha sahani wimbo unazunguka, nikishusha kitelezi sauti inashuka. Tabu ni hedifoni. Miaka yote nimekuwa nikisikiliza wimbo unaofuata masikioni huku watu wanacheza uliopo. Sasa nikibonyeza kitufe cha hedifoni, kimya. Nikihangaika kwenye mipangilio napata sauti, lakini ni ya wimbo uleule ulioko kwenye spika. Viwili tofauti kwa pamoja sipati.

La pili: baada ya muda, pengine dakika 10, pengine 40, sauti inaanza kukwaruza kama maharage yaliyokaukiwa na maji chunguni, halafu kontrola inapotea. Taa zinazima, zinawaka tena, na wimbo umeshasimama.

Jumamosi iliyopita nilijitia ujasiri nikaenda nayo hivyohivyo kwenye ubarikio wa mtoto wa jirani. Nilijiambia ni watu 60 tu, tena tunajuana. Bibi wa mtoto alikuwa aingie ukumbini na wimbo wake wa kwaya alioutaka mwenyewe. Bila hedifoni nikakosea mstari mmoja kwenye orodha, nikamwingiza kwa singeli. Bibi wa miaka themanini na kitu! Yeye alicheza, Mungu amzidishie, ila mchungaji hakucheza. Na baadaye kidogo, watu wamefumba macho kwenye sala, ujumbe wa WhatsApp ukaingia kwenye kompyuta, mlio ukatoka kwenye spika zote nne.

Aliyenipangia mambo yote kwenye kompyuta ya zamani alikuwa kijana wa jirani, mwaka 2013. Leo yuko Mtwara, ana familia yake, na nilipompigia alicheka tu; hakumbuki alibonyeza nini.

Mnaotumia vyombo vya zamani mnafanyaje? Na tafadhali, asije mtu akaniambia ninunue mpya.

dogo_wa_singeli (Dar)

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, 2011 mimi nilikuwa darasa la pili. Nunua mpya tu.

(Hiyo ya bibi nimecheka hadi nimeamsha watu.)

Mzee wa Sahani

Marahaba mwanangu. Nitanunua mpya siku utakaponitumia hela. Halafu hujaelewa: si bei peke yake. Mkono wangu umekaa na hicho chombo miaka 14. Ukumbini gizani, jenereta linanguruma nyuma ya ukuta, MC anapiga kelele "DJ, twende!", sitazami vitufe. Nipe kipya nitakuwa kama mgeni anayetafuta choo usiku.

Fundi Waya (Moshi)

Mzee wangu, shikamoo. Chombo chako hakijafa. Kilichokufa ni mipangilio iliyokuwa kwenye ile kompyuta, na hukujua ipo kwa sababu hukuiweka wewe. Nisome taratibu.

Kontrola ziko za aina mbili. Kuna zinazoongea lugha ya wote, na kuna zinazoongea kilugha chao mpaka zipate mkalimani. Mkalimani huyo ndiye draiva. Lugha ya wote iliandikwa zamani: MIDI, lugha ya vyombo vya muziki kupeana amri, ni ya 1983, na kanuni za kupitisha sauti na MIDI ndani ya waya wa USB ni za 1998 na 1999. Windows 11, Mac za sasa, Linux, zote bado zinaijua. Mixtrack Pro ni ya kundi hilo, ndiyo maana sahani zilifanya kazi bila wewe kufunga kitu. Wenye kontrola za mkalimani ndio wanaolia, maana mkalimani aliyesomea Windows XP hawezi kuvushwa hivihivi. Windows 11 ni ya biti 64 tu, kwa hiyo draiva ya biti 32 haingii hata ukiilazimisha. Na upande wa Mac, macOS Catalina ya 2019 ilifunga mlango kwa programu zote za biti 32.

Sasa hedifoni. Ndani ya kontrola yako kuna kadi ya sauti yenye njia nne za kutokea: mbili za spika, mbili za hedifoni. Windows ikiachiwa yenyewe mara nyingi huishika kama jozi ya spika za kawaida, zile njia nyingine mbili zinabaki zimelala. Yule kijana wako wa Mtwara karibu nina hakika alifunga ASIO4ALL, draiva ya sauti inayofungua njia zote za kadi. Ni ya bure, ipakue kwenye tovuti yake yenyewe. Ukifungua dirisha lake utaona orodha ya vyombo vya sauti. Acha kontrola peke yake, kadi ya kompyuta izime humo ndani ya ASIO4ALL tu. Bonyeza alama ya spana ndipo utaona njia zote. Kisha kwenye programu ya muziki chagua ASIO, spika uzipe njia ya 1 na 2, hedifoni 3 na 4. Zikitoka kinyume, zibadilishe.

Hapohapo kwenye ASIO4ALL kuna bafa. Bafa ni kama ndoo ya akiba kati ya bomba na birika: ndoo ndogo, maji yanafika upesi ila bomba likisita kidogo tu birika linakauka, na huo ndio mkwaruzo wako. Anza na sampuli 512, yaani vipande vidogo vya sauti. Kwa sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 12, kidole chako hakitaihisi. Ikikwaruza bado, panda 1024, kama milisekunde 23. Wanaokwenda 128 ni wale wa kukwaruza sahani kwa mashindano. Wewe unaingiza bibi ukumbini.

Kuhusu WhatsApp: nenda kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, spika ndogo za kompyuta yenyewe ndizo uzifanye chaguo la kawaida (Default). Milio yote ya ujumbe itatokea huko na kontrola itabaki na muziki peke yake. Na ukiwa kazini zima Wi-Fi kabisa. Wi-Fi yenyewe huweza kuleta mikwaruzo, sembuse ujumbe.

Sasa kupotea. Kompyuta za siku hizi zina ubahili wa umeme. Zikiona kifaa cha USB kimetulia hukilaza. Fungua Device Manager, shuka mpaka vifaa vya USB, kila palipoandikwa USB Root Hub ingia Power Management uondoe tiki. Kisha kwenye mpango wa umeme wa hali ya juu tafuta USB selective suspend, ipige marufuku. Ukiweza, pata habu ya USB 2.0 (kile kigawanyio cha matundu ya USB) yenye umeme wake wa ukutani, uiweke katikati. Chipu za Intel tangu 2015 ziliacha kidhibiti cha zamani cha USB 2.0, matundu yote yanapita kwenye kidhibiti cha USB 3.0, na baadhi ya vyombo vya zamani havitulii mpaka vipitie habu.

Lakini kabla ya yote hayo nijibu swali moja: inapotea ukiwa unaigusa, au hata ikiwa imekaa yenyewe?

Dada_Ngoma (Mwanza)

Nimekuja kuunga mkono habari ya mkalimani. Mimi yangu ni ya 2009, jina silitaji, inataka draiva. Kwenye Windows 11 kila nikiiwasha naambiwa draiva haiwezi kupakiwa. Nilihangaika wiki mbili, nikafuta nikafunga, nikafuta nikafunga. Kumbe kuna kitu kinaitwa Memory integrity, kiko ndani ya Windows Security, sehemu ya Device security, Core isolation. Kikiwa kimewashwa kinakataa draiva nyingi za zamani. Nikakizima, nikawasha upya, ikaitika.

Fundi Waya

Kweli kabisa dada, ila waambie na upande wa pili. Hicho ni kitasa cha mlango. Ukikizima, kompyuta hiyo ibaki ya muziki tu: hakuna benki, hakuna barua pepe, hakuna flashi za kila mtu anayekuja na "DJ nipigie hii". Na wewe mzee wa Korogwe usikiguse, yako haihitaji.

Dada_Ngoma

Flashi za wageni!! Usinikumbushe. Kuna moja ilinigeuzia nyimbo zote kuwa njia za mkato.

Mzee wa Sahani

Wanangu, hedifoni imeongea.

Nilikaa sebuleni baada ya isha, mke wangu akidhani nimeanza kuzungumza peke yangu. Nikafunga ASIO4ALL, nikabonyeza spana, zikatokea njia zote nne kama fundi alivyosema. Nikaweka taarab kwenye spika, nikaweka sebene masikioni. Viwili tofauti! Nikavua hedifoni, taarab, nikavaa, gitaa. Nilifanya hivyo kama mara kumi, kama mtoto na swichi ya taa. Na WhatsApp sasa inalia kidogo huko ndani ya kompyuta, haisikiki hata chumba cha pili.

Ile bafa nimeiweka 512. Mkwaruzo umepungua sana, ila kupotea kumebaki.

Swali lako fundi nililifanyia kazi. Nimeweka kontrola juu ya mkeka, nikaanzisha orodha ya nyimbo, nikaondoka nikaenda kula. Saa mbili nzima, haikupotea hata mara moja. Nikarudi, nikaanza kupiga kama niko kazini, sahani huku, kitelezi kule: dakika ya 12, paa, imezima. Nikajaribu tena, dakika ya 5. Nikashika waya pale unapoingia nyuma ya kontrola, nikausukuma kidogo juu kwa kidole kimoja. Taa zikafumba na kufumbua.

Fundi Waya

Basi mgonjwa tumempata. Achana na Windows, hiyo ni lehemu. Mnasafirishaje hicho chombo?

Mzee wa Sahani

Bodaboda, ndani ya begi. Na waya huwa siuchomoi, naukunja tu juu yake. Miaka 14.

Usiseme kitu, nimeshajijua.

Fundi Waya

Sisemi kitu.

Lile tundu la mraba nyuma ni USB ya aina ya B. Limeshikwa kwenye bodi na pini nne ndogo, na miguu miwili minene ya gamba la nje. Pini nne ndizo zinazopitisha umeme na habari, miguu miwili ndiyo inayobeba uzito. Waya ukikaa umechomekwa ndani ya begi, kila shimo la barabara linatingisha ile miguu. Ikilegea, uzito wote unahamia kwenye pini. Mpelekee fundi simu yeyote mwenye mkono mtulivu. Mwambie asiongeze risasi ya lehemu juu ya ile ya zamani. Ainyonye yote kwanza, asafishe, ndipo achome upya, miguu kwanza halafu pini. Na akague waya wenyewe pia.

Mwana wa Likoni (Mombasa)

Salaam alaykum wazee wa kazi. Mie nilikuwa nasoma tu, lakini naona hakuna aliyetaja Mixxx, na hapo ndipo penye dawa yangu.

Mie natumia Vestax VCI-100, chombo cha 2007. Waliokitengeneza walifilisika 2014, kwa hivyo hakuna wa kumuuliza wala wa kutoa draiva mpya. Lakini VCI-100 yaongea MIDI tupu, haina kadi ya sauti ndani. Basi mie nina kijikadi cha sauti cha USB pembeni, tarakilishi yangu ina Linux, na programu ni Mixxx. Hakuna kilichofungwa, hakuna kilichokataa. Nachomeka, yaamka. Tarakilishi nimebadilisha mara tatu na VCI ni ileile.

Mixxx ni ya bure na msimbo wake uko wazi, iko ya Windows, Mac na Linux. Ramani za vitufe za familia ya Mixtrack zimo ndani tayari. Na uzuri ni kwamba ramani hizo ni mafaili ya kawaida tu, XML na JavaScript, waweza kuyafungua ukabadilisha kitufe kifanye utakalo.

Mzee, jambo jingine nikuulize bila ubaya: hiyo VirtualDJ uliyopakua umeilipia? Toleo la bure ni la mtu kujifurahisha nyumbani. Ukichomeka kontrola lina kikomo chake, na kazi ya malipo yataka leseni. Usije ukatengeneza lehemu yote hiyo, kisha programu ikakukatia katikati ya keki.

Mzee wa Sahani

Alaykum salaam. Ile ya zamani aliniwekea yule kijana, sikuuliza ilitoka wapi na yeye hakusema. Hii mpya ni ya bure. Kwa hiyo nilikuwa na wagonjwa watatu ndani ya kitanda kimoja.

Haya, Mixxx naipakua leo usiku, bando la usiku ndilo rahisi.

Mzee wa Sahani

Ripoti ya Jumatano.

Nimetoka kwa fundi simu pale karibu na stendi. Kijana mdogo, hata ndevu hazijatoka, lakini mkono wake kama wa mshona vito. Alifungua skrubu za chini, akanyanyua ganda, vumbi la ndani likatoka la rangi ya kumbi zote za wilaya hii. Kulikuwa na punje za mchele wa pilau, mbili. Na pambo moja la kung'aa, la nguo ya bibi harusi gani sijui.

Akaniita niangalie kwa lenzi yake. Mguu wa kushoto wa lile tundu ulikuwa na ufa umeuzunguka mzima, mwembamba kama unywele, duara kamili. Alipougusa kwa ncha ya kibano, mguu ukacheza ndani ya risasi kama jino la mtoto. Wa kulia ulikuwa na ufa nusu. Pini tatu salama, moja imefifia. Nilimsomea maneno ya Fundi Waya kwenye simu, akatikisa kichwa kwa kukubali, akanyonya risasi ya zamani yote, akapaka kimiminika, akachoma. Dakika 25. Shilingi 5,000, nikampa 7,000.

Nimeusukuma waya juu, chini, kulia, kushoto. Taa hazijafumba. Nimepiga saa tatu mfululizo, nikaitikisa makusudi, mke wangu akasema sasa unaivunja.

Mixxx imeingia. Kwenye ukurasa wa vifaa vya sauti nilichagua ASIO, spika 1 na 2, hedifoni 3 na 4, mambo yaleyale. Imechukua muda kuzichambua nyimbo zangu, ziko elfu tisa na kitu, niliiacha usiku kucha. Alama zangu zote za kuanzia nyimbo, zile nilizoweka miaka na miaka, zilikufa na kompyuta ya zamani. Hilo limeniuma kuliko 450,000. Naanza upya, nyimbo za kuingilia kwanza, halafu za keki, halafu za zawadi, mengine yatajijua.

Kimoja tu: kirungu cha vionjo upande wa kushoto zamani kilikuwa kinaleta mwangwi. Sasa kinafanya kitu ambacho hata sijui nikiiteje, sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa.

Mwana wa Likoni

Hiyo ni fleja. Kwenye Mixxx kionjo hakikai ndani ya kirungu, chakaa kwenye kasha la vionjo juu ya skrini. Bofya jina la kionjo pale, chagua Echo, na kirungu chako kitakuwa cha mwangwi tena. Ramani huigusi.

dogo_wa_singeli

Mzee, kwa hiyo bado 5,000 tu na mambo safi? Mimi kontrola yangu mpya dhamana imeisha mwezi uliopita na kitelezi kimeshaanza kuruka sauti.

Fundi Waya

Dogo, fungua uzi wako.

Mzee wa Sahani

Jumapili, saa saba mchana, nimeamka sasa hivi.

Mombo ilikwenda. Saa sita za kazi, kontrola haikupotea hata mara moja. Mwangwi umerudi. Binti aliingia kwa wimbo wake, mama yake kwa wake, na wa shangazi nilikuwa nao masikioni dakika nzima kabla hajafika mlangoni.

Kulikuwa na tatizo moja. Nikichomeka chaja ya kompyuta, spika zinavuma mmm kama nyuki kwenye debe. Nikichomoa, kimya. Nilipiga kwa betri mpaka ikafika asilimia 20, nikachomeka wakati wa chakula watu wakiwa na kelele zao, nikachomoa tena. Niliponea chupuchupu.

Fundi Waya

Hongera mzee. Huo mvumo si wa kontrola. Ampu na kompyuta zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti, ardhi zao zinazungukiana kupitia waya za sauti. Mara ijayo ampu, chaja na kila kitu cha muziki kichomekwe kwenye ekstensheni moja. Ukivuma bado, nunua kitransfoma cha kutenganisha sauti, kile chenye matundu ya RCA (yale ya nyekundu na nyeupe) pande zote mbili, unakiweka kati ya kontrola na ampu. Usije ukakata pini ya ardhi ya chaja kama wanavyofanya wengine. Pini hiyo ndiyo inayokulinda wewe.

Na waya wa USB sasa unauchomoa?

Mzee wa Sahani

Nauchomoa. Nimeushonea mfuko wake ndani ya begi. Na wa akiba ninao: nimegundua ni uleule wa printa, kwa hiyo nimeuazima kwa jirani mwenye stationery. Ananidai nimrudishie Jumatatu asubuhi kabla wanafunzi hawajaja kuchapisha.

Fundi Waya

Nunua wako mzee. Mfupi, usizidi mita moja na nusu.